Kulingana na Kutosha: Uhakiki wa Istilahi za Umeme wa Feni ya Kompyuta

Kati ya kazi zinazoletwa mezani kwetu ili zisanifiwe, ni chache zenye urefu wa ukurasa mmoja tu. Karatasi tunayokusudia kuihakiki hapa ni mojawapo ya hizo chache. Ilikuwa na maelekezo ya kufunga feni ya kupozea kompyuta, pamoja na aya mbili juu ya adapta au kifaa kingine kitakachoipatia feni hiyo umeme. Mtafsiri wake, ambaye hatumtaji kwa kuwa kosa si lake peke yake, ni mtu anayeijua lugha. Sentensi zake zina mtiririko, upatanisho wa kisarufi hauna dosari, wala hakuna neno la kigeni aliloliacha bila kulivika vazi la Kiswahili. Kwa vipimo tulivyozoea kuvitumia, karatasi ile ilistahili kupigwa muhuri siku ile ile, na kwa kweli ilikaribia kupigwa. Aliyeizuia ni mwenzetu mmoja ambaye kabla ya kuingia katika kazi ya lugha aliwahi kutengeneza redio. Aliisoma mara mbili, akauliza swali moja: "Hapa wanaposema nguvu, wanasema ipi?"

Sentensi iliyomkwaza ni hii: "Hakikisha kwamba nguvu ya adapta inalingana na nguvu ya feni, wala isizidi." Ni sentensi nzuri kwa sikio. Ubaya wake ni kwamba ina maana tatu, na mbili kati ya hizo zitaiharibu kazi.

Feni za aina hii huwa na kibandiko katikati, juu ya mota. Tuchukue feni yenye upana wa milimita 120 ambayo kibandiko chake kimeandikwa 12V na 0.42A. Herufi ya kwanza yasimama badala ya volti, ya pili badala ya ampea. Ukizidisha 12 kwa 0.42 unapata 5.04, yaani wati 5 hivi. Basi feni hii moja ina namba tatu, na kila moja ya namba hizo imewahi kuitwa "nguvu ya umeme" katika Kiswahili kilichochapishwa.

Sasa tuweke mezani adapta tatu. Ya kwanza ni ya volti 12 na ampea 2. Ya pili ni chaja ya simu, volti 5 na ampea 1. Ya tatu ni ya volti 24 na ampea 0.5. Msomaji anayeelewa kuwa nguvu ni wati atapiga hesabu, naye ataona kuwa ya kwanza ina wati 24, ya pili wati 5, ya tatu wati 12. Ataichukua chaja ya simu, maana wati 5 zinalingana na wati 5 wala hazizidi. Feni itazunguka kwa uvivu, au haitaanza kabisa, na kompyuta itapata joto. Msomaji anayeelewa kuwa nguvu ni ampea ataichukua ya tatu, kwa kuwa 0.5 ndiyo iliyo karibu zaidi na 0.42. Feni itapewa volti maradufu ya zile ilizotengenezewa, na yaelekea itaungua. Msomaji wa tatu, anayeelewa kuwa nguvu ni volti, ataishika ile ya kwanza, ambayo ndiyo sahihi. Lakini akikumbuka maneno "wala isizidi", kisha akaona ampea 2 mbele ya 0.42, ataiweka chini kwa hofu na kwenda kutafuta dukani adapta asiyoihitaji. Wasomaji watatu, wote wenye akili timamu, wameisoma sentensi moja iliyosanifiwa, na hakuna hata mmoja aliyefika salama.

Kanuni yenyewe ni fupi. Volteji ya adapta ilingane na volteji ya feni. Mkondo ambao adapta ina uwezo wa kuubeba utoshe mahitaji ya feni, na ukizidi hauna madhara. Ni kanuni yenye vitenzi viwili, na hapo ndipo karatasi yetu ilipoanguka, kwani ilitumia kitenzi kimoja kwa mambo mawili. Kulingana kunakataza kuzidi na kupungua. Kutosha kunakataza kupungua peke yake. Kiswahili hakikuhitaji kamati ili kiijue tofauti hii. Mpishi anayeandalia watu 10 huuliza kama unga unatosha. Haulizi hata siku moja kama unga unalingana na watu. Na seremala anayepachika mlango haulizi kama mlango unatosha fremu, bali kama unalingana nayo. Mtafsiri wetu angeandika kama mpishi mahali pa mkondo na kama seremala mahali pa volteji, tusingekuwa na haja ya kuandika makala haya.

Kwa nini basi hakuandika hivyo? Twaona kwamba kosa lilianza kwenye nomino. Mwenye jina moja kwa vitu viwili hawezi kuvipa vitenzi viwili tofauti bila kujipinga mwenyewe. Huwezi kuandika "nguvu ilingane, nguvu itoshe" ukaeleweka. Ukiisha kuchagua neno "nguvu", kanuni imekwisha kufa kabla ya kitenzi kuandikwa.

Na neno hili "nguvu" limelemewa na mizigo mingi tangu zamani. Katika vitabu vya sayansi vya shule za msingi lilitumika kwa ule msukumo au mvuto unaokifanya kitu kiende. Baadaye "kani" ikatengewa maana hiyo katika fizikia, na "nishati" ikatengewa ile hazina inayowezesha kazi kufanyika, ili "nguvu" ibaki kwa kiasi cha kazi kinachofanyika katika muda fulani, ambacho hupimwa kwa wati. Huo ni mpango mzuri nasi tunauunga mkono. Lakini mpango ulibaki kwenye vitabu vya fizikia, haukufika kwenye karatasi za maelekezo, wala kwenye matangazo ya zabuni, wala kwenye fomu za maombi ya vifaa ambazo watumishi wa serikali huzijaza kila mwaka. Humo "nguvu ya umeme" ingali ni volti asubuhi, ampea mchana na wati jioni.

Yafaa tuyatazame maneno ya watu wenyewe, maana mara nyingi huwa na hekima kuliko orodha zetu. Mtu aliyeko nyumbani akisema "umeme umeisha" na kuitazama mita ya LUKU, anazungumzia nishati aliyoilipia. Akisema "umeme leo mdogo" na taa imefifia, anazungumzia volteji. Akisema "pasi hii inakula umeme", anazungumzia wati, na nyuma yake mkondo. Neno ni lile lile, umeme, lakini hakuna anayechanganyikiwa, kwa sababu kitenzi na kivumishi vimeifanya kazi ambayo nomino haikuifanya. Sisi wasanifishaji tumeyachukua maneno hayo, tukafuta "mdogo" na "inakula" kwa kuwa ni ya mitaani, tukaweka "nguvu ya umeme" mahali pake pote. Tulidhani tunasafisha, kumbe tulikuwa tunafuta alama za njia.

Hasa hilo neno "kula" lastahili kutetewa. Karatasi ile ilisema kuwa adapta "hutoa ampea 2". Asomaye hivyo huona kama kwamba adapta ni mpiga bomba, naye atazisukuma ampea 2 ndani ya feni hata kama feni inataka 0.42 tu. Hofu hii tumeikuta kwa watu wengi, hata waliosoma, nao hukataa adapta nzuri kwa sababu hiyo. Ukweli ni kinyume. Kwa volteji ile ile, ni feni inayoamua kiasi cha mkondo itakaouvuta, nayo itavuta 0.42 ikiwa nyuma yake kuna uwezo wa ampea 2 au 20. Zile ampea 2 ni kikomo cha adapta, mfano wa uzito ulioandikwa kwenye ubavu wa lori. Hakuna anayeogopa kupakia gunia moja katika lori la tani 7. Kwa hiyo "feni hula ampea 0.42" ni usemi sahihi zaidi kifizikia kuliko "adapta hutoa ampea 2", na ni Kiswahili kilichokuwapo kabla ya karatasi. Kama "kula" kunaonekana hakuna heshima, basi "kuvuta" kupo, na mafundi hukitumia. Kwa upande wa adapta tungeandika "huhimili hadi ampea 2" au "ina uwezo wa ampea 2", na neno "hutoa" tungeliachia volti, maana volti kweli hutolewa na adapta hata pale ambapo hakuna kilichochomekwa.

Tukija kwenye nomino zenyewe, "mkondo" halina ugomvi. Limetoka majini, na yeyote aliyewahi kuvuka mto au kwenda na ngalawa analijua. Tunaongeza tahadhari ndogo tu. Mkondo wa bahari humchukua mvuvi apende asipende. Mkondo wa umeme husukumwa na volteji na kupimwa na kile unachopita ndani yake. Picha ya bahari ikiachwa ijitawale, itaturudisha kwenye ile hofu ya ampea 2. Mwalimu afanye bidii kuwaonyesha wanafunzi mahali picha inapokoma.

Kuhusu volteji kuna mashindano. Mashirika yanayojenga njia za umeme yamekuwa yakiandika "msongo", na wasomaji wa magazeti wameshazoea kusoma kwamba njia kutoka Iringa hadi Shinyanga ilijengwa kwa msongo wa kilovolti 400. Ni neno la Kiswahili safi, lenye asili ya kitenzi songa, na laeleza vyema kule kubana kunakoufanya umeme utake kupita. Kwa utaratibu wetu wa kutafuta istilahi, unaoanza na hazina ya Kiswahili chenyewe kabla ya kwenda kwa lugha nyingine za Kibantu na hatimaye za kigeni, "msongo" lilipaswa kushinda bila kupigiwa kura. Hata hivyo tunakiri kwamba katika jambo la feni tunalielekea "volteji". Sababu ni ya kimatumizi. Kibandiko kina herufi V, fundi husema volti, na neno "volteji" lina kipimo chake ndani ya jina lake. Msomaji haulizwi kukumbuka kiungo cha tatu. Tena "msongo" kwa sasa limezoeleka juu ya minara, na mtu anayelikuta kwenye kibandiko cha feni anaweza kudhani kifaa chake ni cha hatari kubwa, au akakumbuka msongo wa mawazo. Siku litakaposhuka kutoka minarani na kuingia madukani tutalipokea kwa furaha. Lisilokubalika ni kuyatumia yote mawili katika karatasi moja, kisha kuongeza "nguvu" kama kitoweo.

Wapo wanaotulaumu kwa kukubali maneno ya kutohoa. Tunawakumbusha kuwa volti, ampea na wati hazikuwa maneno ya lugha yoyote. Ni majina ya watu. Volta alikuwa Mwitalia, Ampère Mfaransa, Watt Mskoti. Volti na ampea zilikubaliwa katika mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa umeme uliofanyika Paris mwaka 1881, na wati ilipendekezwa na Siemens mwaka uliofuata. Kabla ya hapo wataalamu wa Ulaya nao walikuwa wakibishana kwa maneno kama yetu, kila mmoja na kipimo chake. Nao walipotafuta njia ya kutoka hawakuchagua neno zuri. Walichagua neno ambalo halikuwa na maana nyingine.

Hadi hapa tumezungumzia makosa yanayoweza kuunguza feni. Karatasi ile ilikuwa na moja linaloweza kumdhuru mtu. Iliandika kwamba feni "hutumia umeme wa moja kwa moja". Mtafsiri alikusudia ule mkondo unaokwenda upande mmoja, kama wa betri. Lakini mtu wa kawaida akiambiwa kifaa kinatumia umeme wa moja kwa moja, anaelewa kuwa kinachomekwa ukutani bila kitu chochote katikati. Ukutani kwetu kuna volti 230 za mkondo geu. Feni ya volti 12 ikiunganishwa huko haitamaliza sekunde nyingi, na aliyeshika nyaya zake zilizo wazi yumo hatarini kuliko feni. "Mkondo mnyoofu" lipo, limetumika, na halina maana ya pili inayoua. Iwapo mtafsiri anaogopa kwamba msomaji halijui, na aongeze maneno matatu: "kama wa betri". Hatujui sababu yoyote ya kumnyima msomaji maneno matatu yanayoweza kumwokoa, ilhali karatasi hiyo hiyo ilikuwa na nafasi ya kumshukuru kwa kununua feni.

Na betri nayo ina mtego wake. Feni za kompyuta siku hizi hazikai ndani ya kompyuta tu. Tumeziona zikipooza vifaa vya intaneti kwenye makabati ya ofisi, na zikizungusha hewa ya joto ndani ya mashine za kuangulia vifaranga zilizotengenezwa kwa mbao, zikiendeshwa na betri ya sola. Betri hiyo huitwa "ya volti 12", na feni pia ni "ya volti 12", kwa hiyo msomaji mtiifu ataona kwamba zinalingana. Lakini betri ya risasi na asidi inapochajiwa hufika volti 14.4 hivi, na ikikaribia kuisha hushuka chini ya 12. Volti 12 za betri ni jina lake, kama mtu anavyoitwa Mrefu tangu utotoni. Adapta za kizamani zenye transfoma nzito nazo ni hivyo hivyo: yenye maandishi ya volti 12 inaweza kutoa 16 au zaidi ikiwa imebebeshwa feni moja ndogo, kwa kuwa ile 12 ilipimwa ikiwa na mzigo wake kamili. Kwa hiyo istilahi zetu zinahitaji kutofautisha volteji ya jina na volteji halisi, na kuwa na sifa ya adapta isiyoyumba. Mtafsiri aliandika "adapta ya volteji ya kawaida", nalo si neno la kitu chochote. Tunapendekeza "volteji thabiti". Thabiti ni neno ambalo kila karani analijua, na katika sentensi lasimama vizuri: "Tumia adapta yenye volteji thabiti ya volti 12."

Jina la kifaa chenyewe kinachotoa umeme lilitusumbua kuliko yote. Madukani husemwa "pawa saplai", au "adapta" kikiwa cha kuchomeka ukutani, au "chaja" kikiwa chochote kile. Karatasi ilitumia "kigavi cha nguvu". Tumeshaeleza ugomvi wetu na nguvu. Ama "kigavi", kina kasoro iliyofichika. Ugavi ni kazi ya mwenye mali kuamua nani apate kiasi gani, na mtumishi yeyote aliyewahi kusubiri karatasi za chapa kutoka kwa afisa ugavi anajua uamuzi uko upande gani. Katika feni, kama tulivyosema, anayeamua ni mpokeaji. Kwa kuwa tumekubali kwamba feni hula, basi kile kinachoiletea umeme huilisha, na kwa mfano wa kipaza sauti, kinasa sauti na kizima moto, tungepata "kilisha umeme". Twalipendekeza bila kulishikilia sana, maana tunakiona kilema chake: masikioni "kilisha" laweza kudhaniwa ni "kilishakwisha" kama katika "kilishafika". Mwenzetu wa redio alipolisikia alicheka, akasema hilo ni jina la kifaa kilichokwisha kuungua. "Adapta" kwa kile cha ukutani tungeliacha lilivyo. "Chaja" tungelibakizia kazi yake ya kuchaji betri.

Maelekezo ya nyaya tutayapitia kwa haraka, isipokuwa jambo moja. Karatasi ilimshauri fundi "kuunganisha rangi kwa rangi", nadhani kwa kukwepa maneno. Katika nyaya zinazotoka kwenye kilisha umeme kilicho ndani ya kompyuta, waya wa njano huwa wa volti 12, mwekundu wa volti 5, na mweusi ni wa kurudishia. Katika feni nyingi za nyaya 3, mwekundu ndio unaopokea volti 12, na wa njano ni wa kutoa habari za kasi. Katika feni nyingi za nyaya 4, wa njano umerudi kuwa wa volti 12, wa kijani hutoa habari, na wa buluu hupokea maagizo. Anayeunganisha rangi kwa rangi kwenye feni ya nyaya 3 ataipa volti 5 mahali pa 12, na kuzielekeza volti 12 kwenye waya ambao haukutengenezwa kwa ajili ya kupokea kitu. Hivyo rangi hazikuondoa haja ya istilahi. Kwa nyaya mbili za mwisho karatasi ilitumia jina moja, "waya wa mawasiliano". Sisi tungesema "waya wa taarifa" na "waya wa amri". Mmoja hupeleka mapigo 2 kwa kila mzunguko ili kompyuta ijue kasi. Mwingine huleta mapigo kama 25,000 kwa sekunde, na upana wa mapigo hayo ndio unaoiagiza feni ikimbie au itulie. Ofisi zetu zote zinajua tofauti ya taarifa na amri, na nani humpelekea nani.

Kutosha nako kuna ukali wake, wala msomaji asidhani tumekitetea kama kitenzi kilegevu. Tundu la feni kwenye ubao mama wa kompyuta kwa kawaida huhimili ampea 1, yaani wati 12. Feni moja ya ampea 0.42 inatoshelezwa. Mbili zinafika 0.84, nazo zinatoshelezwa kwa shida, ikikumbukwa kuwa feni inapoanza kuzunguka huvuta zaidi ya ilichoandikiwa. Tatu zinafika 1.26, na hapo hazitoshelezwi. Tundu likiungua, mwenye hasara hapotezi feni bali ubao mzima. Karatasi ilisema tu kwamba mtu anaweza kuunganisha "feni zaidi ya moja zenye nguvu sawa". Nguvu sawa na nini? Sawa zenyewe kwa zenyewe, au sawa na tundu? Volti hazijumlishwi feni zinapounganishwa sambamba, ampea hujumlishwa. Hapa tena namba mbili zimekwenda njia mbili, na neno moja limejaribu kuzifuata zote.

Sehemu ya lawama ni yetu. Mtafsiri alituonyesha alikoyapata maneno yake: kwenye orodha za istilahi zilizopigwa chapa miaka mbalimbali, baadhi zikiwa zimepita mikononi mwa ofisi kama yetu. Humo maneno yamepangwa kwa alfabeti, neno la kigeni kushoto, la Kiswahili kulia. Volteji iko ukurasa wa mwisho, ampea wa kwanza, na nguvu katikati. Kila moja ilijadiliwa siku yake, na kwa hakika kila moja ilipata hoja nzuri. Lakini hakuna kikao kilichoyaweka yote katika sentensi moja na kuuliza kama fundi anaweza kuifuata. Orodha ya namna hii haiwezi kuonyesha kuwa imetumia neno moja mara tatu, maana kila mara limeandikwa mbele ya neno tofauti la kigeni. Tungependa kuona istilahi za umeme mdogo zikiletwa kikaoni zikiwa ndani ya kanuni zake, kibandiko cha feni kikiwa mezani, na fundi mmoja akiwa miongoni mwa wajumbe. Tunajua kwamba posho ya fundi huyo haimo katika bajeti.

Karatasi tumeirudisha. Ile sentensi ya kwanza tumeiandika upya hivi: "Hakikisha kwamba volteji iliyoandikwa kwenye adapta inalingana na ile iliyoandikwa kwenye feni, na kwamba zote ni za mkondo mnyoofu, kama wa betri. Ampea zilizoandikwa kwenye adapta zitoshe jumla ya ampea za feni zote utakazounganisha. Zikizidi, hakuna ubaya." Ni ndefu mara tatu hivi ya ile ya mwanzo, na mwenye kuchapa ametuandikia kwamba haiingii kwenye nafasi aliyoitenga. Tumemjibu apunguze shukrani. Wasomaji walio na jina bora kuliko "kilisha umeme" watuandikie kabla ya kikao kijacho.